Namna ya Kuiba Muda wa Kusoma Bila Kukamatwa

Ndugu yangu mwandishi mtarajiwa, nakujua. Una ajira. Kama uko serikalini unaingia saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa tisa na nusu alasiri; kama uko kwa mtu binafsi unatoka bosi akipenda. Una riwaya kichwani, una daftari lenye sura mbili na nusu, na una ahadi uliyojiwekea Januari kwamba mwaka huu utasoma vitabu hamsini. Idadi ya ulivyosoma mpaka sasa tuiache kwanza.

Leo nakufundisha wizi. Mtu anayefanya kazi hapewi muda wa kusoma. Ukiungoja upewe, utastaafu na daftari lile lile. Basi tuuibe. Tutauiba kwenye foleni, kwenye vikao vinavyochelewa, kwa mama ntilie, na pale itakapobidi tutayatumia majivuno yako mwenyewe kuupata. Unayo, usikatae, na ni mali.

Kama dhamiri inakusumbua, watazame waliotutangulia. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, akahamia idara ya wanyama, na baadaye upimaji ardhi. Muhammed Said Abdulla, baba wa mpelelezi Bwana Msa, alikuwa mkaguzi wa afya Unguja kabla ya kuwa mhariri, na *Mzimu wa Watu wa Kale* ilipotoka mwaka 1960 alikuwa akihariri jarida la wakulima. Mathias Mnyampala alikuwa mtu wa mahakama. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya *Julius Caesar* mwaka 1963 akiwa Rais, na mwaka 1969, akiwa Rais bado, akatoa *Mabepari wa Venisi*. Sasa niambie tena kwamba wewe kazi zimekubana.

1. Chana mpango wa mwaka

Ule wa vitabu hamsini. Uchane leo, tena kwa furaha. Mpango wa namna hiyo unakufanya uhesabu vitabu badala ya kuvisoma. Ukikosa wiki mbili unaona aibu, ukiona aibu unakikwepa kitabu, na ukishazoea kukikwepa, mwezi umekatika.

Mahali pake weka hesabu ndogo: kurasa 10 ukienda kazini, kurasa 10 ukirudi. Siku 5 za kazi zinakupa kurasa 100. Siku ukizidiwa, soma ukurasa mmoja na uuhesabu kuwa kumi. Hakuna mkaguzi atakayekuja kukukagua.

2. Nunua vitabu vyembamba

Huu ni mkato, na ni mkato wa heshima. Baadhi ya vitabu vikubwa kabisa vya Kiswahili ni vidogo kwa umbo. *Kusadikika* cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951, hakifiki kurasa 100. *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, nayo haifiki. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, unaweza kuianza Jumatatu asubuhi na kuifunga Jumatano jioni.

Kitabu chembamba kinaingia mfukoni. Kinashikika kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika bomba la gari. Kikidondoka hakimwumizi mtu. Zaidi ya yote, unakimaliza, na kumaliza kuna ulevi wake. Mtu aliyemaliza kitabu Ijumaa atatafuta kingine Jumatatu bila kusukumwa na mtu.

Nakutahadharisha kuhusu *Nagona* tu. Ni fupi lakini haifunguki upesi. Utafika mwisho, utageuza nyuma, utaanza upya. Usihesabu hilo kuwa kushindwa. Mara ya kwanza msomaji anatafuta kilichotokea. Mara ya pili anaona kilivyofanywa, na hiyo mara ya pili ndiyo inayomhusu mwandishi. Kitabu chembamba kinakuruhusu ukisome mara zote mbili ndani ya wiki moja.

Vile vinene, kama *Vuta n'Kuvute* ya Adam Shafi, au *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Abdulrazak Gurnah kupata Tuzo ya Nobel, viweke nyumbani kwa ajili ya Jumapili. Ni vizuri mno, havifai kusomwa kwa vipandevipande huku mtu amekukanyaga mguu.

3. Geuza nalo

Sasa tuingie barabarani. Jiji zima la Dar es Salaam linailaani foleni. Wewe anza kuipenda, maana ndiyo maktaba yako.

Kusoma umesimama kunawezekana, ila kukaa ni bora, na gari la asubuhi likifika kituoni kwako limeshajaa. Fanya wanavyofanya wajanja: vuka barabara, panda gari linalokwenda mwisho wa ruti, kisha geuza nalo. Konda atakutoza nauli mara mbili. Lipa bila kubishana. Nauli hiyo ya pili ni ada ya shule yako ya uandishi, na sijaona shule ya uandishi yenye ada ndogo kuliko hiyo. Umepata siti, umepata dirisha, na umepata zile dakika ambazo gari linasubiri kujaa, dereva akivuta mbele na kurudi nyuma kana kwamba anaondoka. Wenzako waliogeuza watazilalia. Wewe fungua kitabu.

Kuhusu siti, nisikilize vizuri. Kaa mbali na mlango, maana pale utakuwa msaidizi wa konda wa kupokezana chenji. Epuka ya nyuma kabisa, inarusha. Chagua dirisha la katikati, upande usiopigwa na jua. Ukitoka Mbagala kwenda mjini unaelekea kaskazini, jua la asubuhi liko kulia kwako. Jioni ukirudi kusini, jua limehamia magharibi na liko kulia kwako tena. Kaa kushoto, asubuhi na jioni. Ukitoka Tegeta mambo yanageuka: kaa kulia, kwenda na kurudi. Watu wa Kimara jua linawapiga usoni asubuhi na jioni, lakini analibeba zaidi dereva. Anayesoma huku amekunja macho kwa sababu ya jua husoma kurasa mbili na kulala, kisha anasema kusoma kunachosha.

Kwenye mwendokasi utasimama, hilo likubali. Tangu mabasi yale yaanze mwaka 2016, muda tuliookoa barabarani sehemu yake tunairudisha kwenye foleni ya kituoni. Iba foleni hiyo. Mle ndani ukibanwa kiasi cha kutoweza kuinua mkono, rudia kichwani ubeti mmoja uliouhifadhi usiku. Ushairi wetu ulitungwa kwa vina na mizani ili ukae kichwani, na mtu aliyebanwa mikono yote miwili ni mmoja wa waliokusudiwa.

4. Chagua kitabu kwa kelele za gari

Usishindane na redio, utashindwa. Chagua kitabu kinachoendana nayo. Kama gari zima linabishana Simba na Yanga, toa riwaya ya upelelezi: Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Matukio yanakimbia, milango inavunjwa, na ukikatizwa unajua pa kurudi. Kezilahabi na washairi wangoje asubuhi zile chache ambazo redio imeharibika.

Ikishindikana kabisa, funga kitabu usikilize. Abiria na konda wanapogombana kuhusu chenji, hakuna mwalimu wa mazungumzo ya kubuni atakayekufundisha zaidi ya hao wawili. Angalia jambo moja: karibu hakuna anayejibu swali aliloulizwa. Abiria anadai mia tano yake, konda anajibu kuhusu bei ya mafuta. Abiria anauliza mafuta yanamhusu nini, konda anamwambia mama yake mdogo pia ni mtu mzima na hafanyi hivyo. Sasa linganisha na mazungumzo ya sura yako ya pili, ambamo kila mhusika anajibu swali vizuri, kwa sentensi kamili, kama yuko kwenye usaili. Umeona tatizo lilipo. Andika ugomvi ule kwenye simu kabla hujashuka, maana ukifika ofisini utakuwa umeusahau.

5. Weka hadithi ndani ya faili

Ofisini sheria ni moja: usiibe muda wa mwajiri. Iba ule ambao ofisi yenyewe imeutupa, na inautupa kwa wingi. Kikao cha saa tatu kinaanza saa nne kasoro. Mtandao unakata. Mkubwa yuko njiani. Barua inasubiri saini, na mwenye saini amesafiri.

Hapo kila mtu anatoa simu. Ukitoa kitabu unaonekana huna kazi. Ukitoa simu unaonekana una shughuli nyingi. Ni dhuluma, na hatuna muda wa kuirekebisha leo. Tufanye hivi: chapisha hadithi fupi au sura moja kwa karatasi zako mwenyewe, uitie kwenye faili la kaki. Karatasi iliyomo ndani ya faili haitiliwi shaka. Shika kalamu. Piga mstari mahali. Kunja uso kidogo. Mtu akipita atakuheshimu, na hutakuwa umemdanganya, kwa kuwa kweli unafanya kazi. Ni kazi yako ya pili tu.

Kama unakaa dirishani kuhudumia wateja, hadithi fupi ni ndefu mno kwako. Chukua tenzi. *Utendi wa Mwana Kupona*, ambao Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake mwaka 1858, una ubeti wa vipande vinne vifupi unaotosha kabisa kati ya mteja na mteja. Una zaidi ya beti mia. Beti tatu kwa siku, na kwa muda wa kama wiki tano za kila siku umeumaliza. Kiamu chake kitakusumbua mwanzoni. Tafuta mwenzako mwenye asili ya Lamu au Mombasa umwulize. Atafurahi kuulizwa, na utapata maelezo ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Mteja akifika, funga. Mtu hapaswi kusubiri risiti yake kwa sababu karani yuko katikati ya ubeti.

6. Mpe mama ntilie hadithi

Huu ni ujanja ninaoupenda kuliko yote. Saa saba mchana, ukiwa na sahani yako ya wali maharage, usitoe kitabu. Hakisomeki vizuri, kitaingia mchuzi, na wenzako watakuona unajitenga. Badala yake, simulia ulichosoma asubuhi.

Usianze kwa kusema umesoma kitabu. Anza tu: "Dada, kuna kijana alishtakiwa mbele ya mfalme kwa sababu alitaka watu wafundishwe sheria."

"Sheria tu?"

"Sheria tu. Na aliyemshtaki ni waziri."

"Ehe! Wakamfanyaje?"

Hapo umeshafika. Kijana huyo ni Karama, waziri ni Majivuno, nchi ni Kusadikika, na mwiko wa dada umesimama hewani. Endelea. Mahali atakapoacha kupakua ili asikie, pana kitu. Mahali atakaposema, "Kaka, nikuongezee mchuzi?", pamelegea. Kumbuka pale palipolegea. Jioni ukirudi kwenye kitabu, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ile uone mwandishi alifanya nini ambacho wewe hukukifanya. Mara nyingi utakuta aliificha habari moja ambayo wewe uliitoa mapema, au alimpa mtu mmoja aseme mambo uliyoyaeleza kwa kinywa chako.

Unaweza kusoma riwaya ishirini kimya kimya usilione hilo. Hadithi iliyosimuliwa mbele ya mtu mwenye njaa na haraka inakuonyesha mishono yake yote. Kijiwe cha kahawa kinafaa vilevile, ingawa pale utakatizwa zaidi, na wapo watakaokusahihisha hadithi ambayo hawajaisoma.

Ukimaliza, taja mwandishi. Usijipe hadithi ya mtu. Na mara nyingine dada atakuuliza kitabu chenyewe kinauzwa wapi.

7. Yape majivuno kazi

Kila anayetaka kuandika anataka pia aonekane. Sikulaumu, bila hamu hiyo vitabu vichache sana vingeandikwa. Basi iajiri. Beba kitabu jalada likitazama nje. Mwambie mtu mmoja ofisini unachosoma, na umchague yule mwenye mdomo kuliko wote. Ijumaa atakuuliza umefika wapi, tena mbele ya watu. Hofu ya Ijumaa itakusomesha Alhamisi usiku kuliko azimio lolote la Januari.

Picha ya jalada kwenye *status* ya WhatsApp inaruhusiwa, kwa sharti: iweke baada ya ukurasa wa 50. Ukiiweka siku ya kununua, sifa zote zitafika siku hiyohiyo, utashiba, na kitabu kitakaa mezani mpaka kipate vumbi. Sifa ziwe mshahara. Hazilipwi kabla ya kazi.

Na utakutana na mtu atakayekuuliza kuhusu kitabu ambacho hukukisoma, akidhani umekisoma kwa kuwa wewe ndiye "mwandishi". Usitikise kichwa. Swali la pili litakuumbua. Sema hivi: "Bado sijakifikia. Wewe kilikushika wapi?" Kisha nyamaza kabisa. Atazungumza mpaka mwisho wa safari. Utaondoka na muhtasari wa bure, na maoni ya msomaji wa kweli, na yeye ataondoka akisema una hekima.

8. Rudi kwenye vitabu vya mtihani

Hapa nataka tukae kidogo. Kama ulisoma sekondari Tanzania katika miaka hii ya karibuni, inawezekana ulipitia *Takadini* cha Ben Hanson, *Watoto wa Mama N'tilie* cha Emmanuel Mbogo, au *Joka la Mdimu* cha Abdallah Safari. Ulivisoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Uliviingia ukitafuta dhamira, ujumbe, migogoro na tamathali za semi, ukavitoa na kuvipanga kwenye karatasi, ukapata alama zako, ukaondoka. Wengi waliondoka moja kwa moja, hawakufungua tena riwaya ya Kiswahili maishani, na hilo linaniuma.

Vitabu hivyo unavyo tayari. Viko kwenye begi la mdogo wako, au chini ya kitanda kwenu. Havigharimu kitu, na unaijua hadithi. Hiyo ndiyo faida yenyewe: unapojua kitakachotokea, jicho lako linakuwa huru kutazama mikono ya mwandishi. Vichukue uvisome upya ndani ya gari, na safari hii hakuna atakayekuuliza dhamira nne kwa mifano.

Jiulize maswali mengine. Kwa nini ameanza hapa, asianze kwa kuzaliwa kwa mhusika? Nani anaongea kwanza, na tumemjuaje kabla hajaelezwa? Ni habari gani mwandishi anaijua tangu ukurasa wa kwanza na anaishikilia mpaka katikati? Sura inaishia wapi: jambo likiwa limekwisha, au likiwa linaanza? Shule ilitufundisha kukisoma kitabu kama watahini, na kazi yake iliifanya. Anayetaka kuandika anahitaji kukisoma kama fundi cherehani anavyolitazama gauni la mwenzake: analigeuza ndani aone limeshonwaje.

9. Acha kitabu kisichokushika

Kurasa 30. Kikishindwa kukuvuta mpaka hapo, kifunge, mpe mtu mwingine, na usiombe radhi. Kitabu usichokipenda ndicho kinachokuzuia kusoma vingine kumi, kwa kuwa umeapa kukimaliza kwanza na kila siku unakikimbia. Ila kabla ya kukifunga, andika mstari mmoja: kimeniacha wapi, na kwa nini. Mstari huo utakufaa siku ya kuipitia sura yako ya kwanza.

10. Iba vizuri

Kila siku toka na kitu kimoja ulichoiba. Kimoja tu. Inaweza kuwa namna mhusika alivyoingizwa mlangoni, namna miaka mitatu ilivyorukwa kwa sentensi moja, au jina lililobeba tabia, kama yule Majivuno. Jitumie ujumbe mwenyewe kwenye simu, uendelee na safari.

Wakubwa waliiba hivyo. *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert kimechukua kisa chake kutoka katika hadithi za *Alfu Lela Ulela*, kikavikwa maadili na lugha yake mwenyewe mpaka hakuna anayekumbuka kudai kirudishwe. Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum anayeshangaa pembeni, wametoka London kwa Sherlock Holmes na Watson, lakini wakishafika Unguja wanakuwa watu wa Unguja. Umeona kilichoibwa: muundo, nafasi ya rafiki, subira ya mpelelezi. Maneno hayakuguswa. Anayeiba maneno anakamatwa na anastahili kukamatwa.

Mara moja kwa wiki nakili aya moja nzima kwa mkono. Kalamu na daftari, si kwa simu. Kasi ya mkono ni ndogo, na kwa kasi hiyo utasikia mahali ambapo wewe ungeweka neno la ziada na mwandishi hakuliweka. Aya ikishakwisha, funga kitabu, jaribu kuiandika upya kwa kisa chako. Itakuwa mbaya. Iache ilivyo, wiki ijayo andika nyingine.

11. Usiku, shindwa mapema

Usipange kusoma usiku. Watoto hawajalala, tamthilia inaendelea sebuleni, umeme una mambo yake, na mwili umechoka. Anayepanga saa mbili za kusoma usiku hulala na kitabu usoni na kuamka na hasira. Panga shairi moja. Lisome kwa sauti, hata kwa kunong'ona, mwenzako akikuuliza msomee. Kisha lala. Ulishasoma kurasa zako 20 kabla jua halijazama.

12. Wizi nisioufundisha

Upo mmoja. Kwenye makundi ya WhatsApp zinazunguka riwaya nzima za watu walio hai, zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, zinagawiwa kwa maneno ya upendo. Usipokee, usisambaze. Wewe unataka siku moja jina lako liwe juu ya jalada, na utataka walau nauli yako irudi. Mwandishi wa Kiswahili anauza nakala chache, na kila nakala inayogawiwa hivyo ni moja ambayo mchapishaji hataichapisha tena.

Huna fedha? Jiandikishe maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa iko pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed tangu mwaka 1967, na mikoani yapo matawi. Una fedha kidogo? Wauza vitabu vya mtumba wa katikati ya mji wana hazina chini ya vile vitabu vya uhasibu. Piga magoti upekue, na usiruhusu muuzaji aone umefurahi kabla hamjapatana bei. Mnaweza pia kuwa watu watano kazini, kila mmoja akanunua kitabu kimoja kwa mwezi mkazungushiana. Huo ni mchezo kama ule wa fedha, na huu hakuna anayeukimbia na zamu yake.

Mshahara wa mwezi huu ukiingia, kabla ya vifurushi na kabla ya harusi ya mtu usiyemjua, pita dukani ununue kitabu kimoja chembamba cha mwandishi wa Kiswahili aliye hai. Kitie mfukoni usiku huohuo. Asubuhi vuka barabara, geuza nalo.